Chensoo ya Marehemu

Likombe, Mtwara
15 Septemba 2024

Shemeji Jasinto,

Hamjambo hapo Kilambo? Mama anaendeleaje? Huku mimi na Elsa tu wazima. Elsa anasoma, mimi nakaanga maandazi yangu, na nyumba aliyoiacha kaka yako bado upande mmoja unaangalia mbingu.

Usishangae kuandikiwa barua wakati una simu. Ukiwa huko mtoni simu yako inashika laini ya Msumbiji, nikipiga najibiwa Kireno na salio linaliwa. Halafu mjomba alisema kwenye kikao cha ukoo kwamba jambo lolote la mali ya marehemu liandikwe na litiwe sahihi, kwa kuwa maneno ya mdomoni hukanwa. Basi naandika, na Sharifa atakuletea kwa gari lake akija huko kununua mpunga.

Chensoo imefika. Sharifa aliishusha mlangoni kwangu ikiwa ndani ya gunia kama ulivyoifunga. Nikaitia petroli, nikavuta choki, nikavuta kamba. Kimya. Nimevuta mpaka bega limevimba na majirani wametoka nje kunitazama kama wanaotazama mpira. Haikohoi wala haipigi chafya.

Nikukumbushe tulivyokubaliana. Kikao kilisema chensoo ni mali ya tumbo la mama yenu, yaani ya ukoo wa upande wake, lakini mjane apewe aifanyie kazi; mvua zikianza haijakata mti hata mmoja, irudi kwako. Hilo la mvua ulilipendekeza wewe, sijasahau. Sasa paroko amenipa mikorosho mikongwe ya shamba la parokia niiangushe, kuni na magogo yawe yangu. Ila anataka kazi ianze kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. La sivyo atawaita watu wa Mikindani wenye mashine zao. Kazi hiyo ndiyo bati langu na sare za Elsa. Nikiikosa, chensoo inarudi kwako na mimi nabaki na maandazi.

Siku ya ajali ya kaka yako mashine hii ilikuwa inanguruma. Wewe ulikuwepo shambani, uliisikia kwa masikio yako. Imekaa darini kwako miaka miwili, imeshuka ikiwa bubu. Nisaidie kuelewa imekuwaje.

Shemeji yako,
Madalena

*

Kilambo
21 Septemba 2024

Shemeji Madalena,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nimekaa, ya pili nilikuwa nimesimama.

Sisi wazima. Mama anakusalimu. Mkono wake ule ulioungua na sufuria siku ya msiba bado haukunjuki vizuri, kwa hiyo hashiki jembe tena, anashinda kibarazani akiwagombeza kuku. Viboko wamepita bustanini kwangu wakala mchicha wote.

Kuhusu chensoo. Mashine iliyolala muda mrefu haivutwi tu kamba kama mbuzi anayepelekwa gulioni. Ina utaratibu wake. Petroli umenunua wapi? Kama ni ya chupa za barabarani, imwage yote, nenda sheli, nunua mpya, uichanganye na oili kama alivyokuwa akichanganya marehemu. Ukitia petroli tupu utaiua kabisa. Kisha fungua plagi, ipanguse kwa kitambaa kikavu, uirudishe kwenye waya wake, uigusishe kwenye chuma, uvute kamba uone kama inatoa cheche. Filta ya hewa ikung'ute, maana darini kuna vumbi na mavi ya panya. Ikikataa, tazama kabureta, kwa sababu petroli ya zamani huganda humo ikawa kama gundi. Lakini sidhani kama imeganda. Kabla ya kuihifadhi niliimwaga petroli yote mimi mwenyewe, ilikuwa karibu nusu tangi. Nilifanya kila ambacho mtu mwenye nia njema hufanya.

Na mimi nina maswali yangu. Huyo paroko amekosa wanaume Mtwara nzima mpaka kazi ya chensoo ampe mwanamke? Najua kaka alikufundisha kukata, hata mimi nilikuona ukikata, lakini watu wataniuliza na sina la kuwajibu. Unasema umevuta kamba wewe. Je, hakuna mtu mwingine aliyeishika? Maana mashine iliyotoka kwangu ni nzima, na kama imeharibika, imeharibikia njiani au imeharibikia kwako.

Sahihi yangu hii hapa kama ulivyotaka.

Jasinto

*

Likombe
28 Septemba 2024

Shemeji Jasinto,

Petroli nilinunua sheli. Oili nimechanganya. Filta nimeikung'uta, na kweli mlikuwa na panya wenye afya. Plagi nimeifungua na cheche ipo, ya samawati, nzuri tu. Haiwaki.

Sasa tuzungumze kikubwa. Nilipoona nimeshindwa niliipeleka Ufukoni kwa fundi mmoja anaitwa Frank, mtu wa bara, anatengeneza pikipiki na injini za boti, na amemtengenezea paroko jenereta. Kabla hata hajaifikia kabureta akainusa, akaingiza kidole kwenye tundu la plagi, kikatoka kimelowa. Akaniuliza, "Mama, nani amemwaga oili humu ndani?" Nikamwambia sijui. Akasema mashine hii imefanyiwa mkono na mtu, imeharibiwa makusudi.

Mimi si fundi, lakini najua oili ya mnyororo ina tangi lake, na ya kuchanganya huingia na petroli. Haina kazi juu ya pistoni. Na kabla yangu, aliyekuwa na mashine hii ni mmoja tu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu ni ninyi, sina ukoo mwingine hapa Mtwara.

Kitu kingine. Ofisi ya misitu wanataka chensoo iandikishwe ndipo nipewe kibali cha kukata. Wanataka ile karatasi ya dukani na namba ya mashine. Karatasi unayo wewe, marehemu aliiweka kwenye kopo la chai nyumbani kwa mama. Mpe Sharifa.

Madalena

*

Kilambo
4 Oktoba 2024

Shemeji,

Fundi yeyote duniani huanza kazi kwa kumtukana aliyemtangulia. Huyo Frank wako hana jipya.

Oili hiyo niliitia mimi, na niliitia makusudi. Kijiko kimoja tu kwenye tundu la plagi, nikavuta kamba taratibu isambae, nikafunga. Hiyo ni dawa ya kutu. Sisi tunakaa karibu na maji ya chumvi, chuma kikiachwa kikavu mwaka mmoja kinaota ndevu. Kila mwenye injini ya boti anayejua kazi hufanya hivyo, na kama Frank anatengeneza injini za boti na hilo halijui, basi wewe ndiye uliyefanyiwa mkono. Mwambie aitoe plagi, aigeuze mashine tundu liangalie chini, avute kamba mpaka oili itoke yote, aipanguse plagi, airudishe. Itakohoa moshi mweupe kidogo kisha itawaka. Nilidhani unajua, ndiyo maana sikuandika.

Karatasi ya dukani sitoi.

Na nitakwambia kwa nini. Mwanamke anatafuta namba ya mashine na karatasi yake, mashine inasemekana mbovu, na pembeni yupo fundi kutoka bara. Mimi si mtoto. Dalili ya mvua ni mawingu. Kitu huuzwa hivyo hivyo: kwanza kinasemwa ni kibovu, halafu kinapata mnunuzi mwenye huruma. Nikuulize tu swali moja na unijibu kwa sahihi yako. Huyo Frank ameshasema anataka kuinunua, au bado?

Mama nilimsomea barua yako. Tangu msiba hataki hata kuitazama chensoo hiyo. Siku nilipoipandisha darini alitoka akaenda kukaa kwa jirani mpaka jioni.

Jasinto

*

Likombe
12 Oktoba 2024

Jasinto,

Ndiyo. Amesema.

Niliipata barua yako asubuhi, mchana nikaenda na mashine Ufukoni. Nikampa maelekezo yako ya oili, swali lako nikalificha, nikakaa kwenye benchi lake. Akaimwaga oili yote, akasafisha kabureta mbele yangu, akavuta kamba mpaka fulana ikalowa. Ikapiga puh moja tu, ikafa. Hapo akajifuta mikono na kusema, "Mama, hii imekwisha. Niachie nikupe chochote, nitaipasua spea." Maneno yako yote yakanirudia. Nikaibeba kichwani mpaka Likombe, na nimemwambia asikanyage kwangu. Huenda nimemwonea, huenda sikumwonea. Ninyi wanaume wenye spana mmenifikisha mahali simwamini yeyote.

Lakini usifurahi. Frank hakuwahi kukaa na mashine hii bila mimi kuwepo, hata dakika. Kwako imekaa miaka miwili. Na mvua zikianza, hairudi kwa Frank, inarudi kwako.

Tena kuna jambo sikutaka kuliandika. Sharifa ananiambia kila akifika hapo, mama humvuta pembeni amuulize, "Ile mashine ya Madalena imewaka?" Sharifa akisema bado, mama hutikisa kichwa na kusema, "Vizuri." Vizuri! Mama mkwe wangu, aliyenifunga kanga siku ya harusi, anasema vizuri mimi nikikosa mkate. Nimelia, sikufichi. Kumbe wewe na mama mna mazungumzo yenu na mimi ndiye mwehu ninayevuta kamba mbele ya majirani.

Siku ya kuondoa matanga nilitaka kukisimamisha kinu, mkanifokea wote. Mkasema kwenu kinu kikilazwa kwa msiba, aliyekilaza ndiye anayekisimamisha, mwingine haruhusiwi. Haya. Na chensoo hii aliyeilaza aje aisimamishe.

Watu wa Mikindani wameshakuja kuiangalia mikorosho. Niliwaona wakipima mashina kwa kamba.

Madalena

*

Kilambo
17 Oktoba 2024

Shemeji Madalena,

Sitajibu matusi. Nitajibu mashine.

Nimekaa nikifikiri tangu Sharifa aondoke. Cheche ipo, petroli ipo, kabureta safi, na umesema ilipiga puh ikafa. Injini yenye moto na chakula ikikataa, imebaki pumzi tu. Mtu akizibwa pua na mdomo hawezi kula wala kusema. Filta ya hewa umeisafisha, basi inavuta. Je, inatoa? Fanya hivi. Weka kiganja mbele ya ekzosi, lile tundu la moshi upande wa mbele, karibu na mnyororo. Mtu mwingine avute kamba. Usiposikia upepo kiganjani, imeziba. Fungua skrubu mbili za ekzosi, uitoe, uchungulie. Nyigu hupenda kujenga humo kwa udongo. Kile kiwavu cha mbele cha kuzuia cheche kilishang'oka zamani, kaka hakukirudisha, kwa hiyo chochote kinaweza kuingia.

Kuhusu mama, nimemuuliza kwa nini anasema vizuri. Amenitazama, akainuka, akaingia ndani. Mama yangu hana hila, unamjua. Ila tangu kaka afe ana mambo yake hasemi, na mimi simlazimishi. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Karatasi ya dukani nimempa Sharifa. Si kwamba nimekuamini. Nimeitoa kwa sababu umesema umeibeba kichwani kutoka Ufukoni mpaka Likombe, na mtu anayetaka kuuza kitu habebi hivyo.

Jasinto

*

Likombe
22 Oktoba 2024

Jasinto,

Si nyigu.

Elsa alivuta kamba, mimi nikaweka kiganja. Hakukuwa na upepo hata wa kupoza uji. Nikazifungua skrubu. Ndani kumejaa kitu cheusi kigumu kilichoshindiliwa, nikadhani ni masizi. Nikakichokoa kwa kijiti cha mishikaki, kikaanza kutoka kidogo kidogo, na mwishowe kikatoka chote. Ni nguo. Mwisho mmoja umeungua umekuwa mkaa. Sehemu ya katikati iliyosokotwa haikuungua sana, nikaifua kwa sabuni ya unga, rangi ikatokea.

Ni kanga. Na kanga hiyo naijua. Ni ya zambarau, yenye pindo la korosho za njano. Arsenio aliinunua sokoni Mtwara Krismasi yake ya mwisho, doti moja, akaikata akasema, "Mke kipande na mama kipande, msigombane." Cha kwangu kipo sandukuni. Nimemwita Sharifa nikamkunjulia mbele ya macho yake, pindo zote nne, kizima hakijachanika popote. Muulize akifika.

Basi kipande kilichochanwa ni cha mama, na kiko nyumbani kwako.

Nyigu hajui kuchana kanga. Panya hashindilii. Mtu alikaa na mashine ya mume wangu, akachukua kanga ambayo mume wangu alimpa mama yake, akaichana, akaiziba mashine mdomo ili mimi nishindwe. Oili nilikusamehe. Karatasi ulinicheleweshea, nikanyamaza. Lakini hili, Jasinto, hata adui angeona aibu. Ulikuwa na vitambaa vingapi vya kufutia oili hapo nyumbani, ukaona uchukue hiyo?

Sijajaribu kuiwasha. Nimeirudishia ekzosi nikaiacha pale pale. Nimewaandikia mjomba na paroko. Barua zao ziko mezani, bado sijazifunga. Nakupa nafasi ya kujibu kwanza, kwa ajili ya Elsa, maana wewe ndiye baba yake aliyebaki.

Madalena

*

Kilambo
26 Oktoba 2024

Shemeji Madalena,

Barua za mjomba na paroko usizipeleke. Nakuomba.

Nilipoisoma barua yako nilitoka na hasira, nikaenda moja kwa moja kibarazani kwa mama nikamwambia, "Niletee kanga ya zambarau ya kaka." Nilitaka nikutumie uione ikiwa nzima, uone aibu. Hakubisha. Aliingia ndani, akarudi nayo imekunjwa, akaiweka mapajani. Nikaikunjua. Kona moja haipo.

Nikamuuliza nani amechana. Akanionyesha kiganja chake kilichoungua.

Madalena, siku zote nilidhani siku ile mashine iliishiwa petroli. Tawi lilipomwangukia kaka tulitupa kila kitu, tukalinyanyua, tukambeba tukakimbia naye barabarani kutafuta gari. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Niliporudi jioni kuichukua ilikuwa imenyamaza, nikasema imemaliza mafuta. Baadaye nilipomwaga petroli nikakuta nusu tangi. Niliiona kwa macho yangu, nikakuandikia kwa mkono wangu, na bado sikuuliza kama mafuta yalikuwepo, basi ilizimwa na nani.

Yanayofuata ni maneno yake. Mkono ni wangu. Amenikataza kuongeza neno.

"Madalena mwanangu. Mimi mama yako Ines. Usimlaumu Jasinto, huyu hajui kitu, tangu mdogo hajui kitu.

"Siku ile nilikuwa nawapelekea uji. Nikakutana nao njiani wamembeba, nikamwona uso, nikajua. Wakapita wanakimbia. Mimi siwezi kukimbia. Nikaenda mbele nikafika kwenye mti. Watu wote wameondoka, imebaki ile mashine imelala kwenye majani, inanguruma, inatetemeka, haina habari. Mwanangu amekufa na yenyewe inaendelea.

"Nikaiambia nyamaza. Haikunyamaza. Sikujua inazimwaje, nani angenifundisha? Wewe unajua kwetu kukiwa na msiba kinu kinalazwa, redio inazimwa, hata mwenye mashine ya kusaga anazima. Hii ilikuwa inapiga kelele juu ya damu yake. Nikaona tundu linatoa moshi, nikajua hapo ndipo mdomo wake. Nikachana kanga, nikaisokota, nikaitia kwa kidole, nikaikandamiza kwa kiganja. Ilinichoma. Sikuondoa mkono mpaka ikanyamaza.

"Nilipofika nyumbani kila mtu analia, nani atazame mkono wa mtu? Jioni nikaepua sufuria, mkaona malengelenge, mkasema bibi ameungua na sufuria. Nikaacha iwe hivyo.

"Kinu nilikilaza mimi, na siku ya kuondoa matanga nikakisimamisha mimi. Nikasema sasa wataniita niiamshe na mashine. Mkakaa kikao. Mkasema tumbo la mama yake, tumbo la mama yake, siku nzima. Tumbo lenyewe lilikuwa limekaa pale mkekani, hakuna aliyeliuliza neno. Jasinto akaipandisha darini. Halafu akaishusha, akaifunga kwenye gunia, akampa Sharifa. Hakuna aliyeniambia, mama, ile mashine tunaiamsha, njoo.

"Ndiyo maana nilisema vizuri. Nilijua inaningoja.

"Usiiwashe. Nakuja na Sharifa safari yake inayofuata. Niwekee maji ya kuoga, gari lake lina vumbi."

Mwisho wa maneno yake.

Lile sharti la mvua nitamwambia mjomba alifute. Na mimi nilitaka kuja, mama amesema nibaki nilinde kuku.

Jasinto

*

Likombe
31 Oktoba 2024

Shemeji Jasinto,

Barua za mjomba na paroko nimewashia jiko. Maandazi ya leo yameiva kwa moto wake.

Mama amefika juzi. Alioga, akala, akalala mchana wote, na mimi nikawa nazunguka nyumba. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi kwa kumfikiria vibaya. Nilipoanza tu akanikatiza, akasema, "Lete mashine."

Nikaiweka uani. Akaomba na kile kipande cha kanga, nikampa, nimekifua vizuri lakini harufu ya moshi haijatoka. Akakifunga kwenye kona ya kanga aliyovaa. Akaweka mkono juu ya mashine kama anavyomwekea Elsa akiwa na homa, akamwambia Arsenio kwa Kimakonde kwamba mkeo anataka kufanya kazi, nami mama yako nimemruhusu. Kisha akanishika kifundo cha mkono na kusema haya, vuta. Ule mkono wake mbaya ulikuwa juu ya wangu wakati wote.

Ilitema masizi na moshi mweupe, kama ulivyosema. Ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma. Jasinto, sijawahi kusikia sauti nzuri namna ile. Majirani walitoka, Elsa akaruka. Mimi nikamtazama mama, nikiogopa. Hakuziba masikio. Aliisikiliza tu, machozi yanamtoka.

Kisha akanipigia kelele sikioni, "Na kuizima?"

Nikamwonyesha. Ile swichi nyekundu hapo juu ya mshikio, karibu na kidole gumba. Akainama akaitazama. Akauliza, "Hapa tu?" Nikasema, "Hapo tu, mama." Akakitazama kiganja chake, akaitazama swichi. Akaibonyeza kwa kidole gumba cha mkono ule, ikazima.

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akasema niiwashe tena. Nikaiwasha, akaizima. Tena akasema niwashe, akaizima. Tulifanya hivyo mpaka bega likaanza kuniuma upya, na sikumwambia basi.

Ile karatasi ya dukani imenipatia kibali cha misitu, na jana tumeanza mikorosho ya parokia. Watu wa Mikindani walipita kwenye gari lao, wakasimama, wakaniona juu ya gogo, wakaondoka. Nimempitia pia Frank nikamwomba radhi. Amenuna, lakini ameninolea mnyororo. Mama nimempa kanga yangu ile nzima, na yake iliyochanika nimebaki nayo mimi.

Yeye hakubali kubaki nyumbani. Nimemwekea kiti mbali, mahali tawi haliwezi kumfikia. Mti ukishalala chini naisogeza mashine mpaka alipo, ikiwa inanguruma taratibu, na anaizima yeye. Hataki niizime mimi. Paroko ameniuliza mama huyu ana kazi gani hapa shambani, nikamwambia ndiye mwenye chensoo.

Kwa hiyo Jumamosi, Sharifa akija huko, usimngoje. Amesema atarudi miti ikiisha, na kuku wake uwahesabu.

Madalena